Mama Breki, Dereva wa Milimani (1950–2024)

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi madereva mliosimama kule nyuma, tunawashukuru kwa kuja kumsindikiza mama yetu. Mwenyewe alituachia maagizo mawili kuhusu maneno haya: yasiwe marefu, na habari za siku aliyopindua gari zisirukwe. Agizo la kwanza tutajaribu. La pili tumelitii.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1950, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi seremala na mkewe. Nyumba yao ilijengwa juu kabisa ya kilima, hivi kwamba mpira ukiwaponyoka watoto uani, ulikwenda kuokotwa bondeni: robo saa kushuka, saa nzima kupanda. Aliyetumwa kila mara alikuwa yeye. Alikuwa na miguu myepesi na, kwa maelezo ya dada yake mkubwa aliyeketi hapa mbele, mdomo mwepesi zaidi.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965. Alikuwa hodari wa hesabu, akachaguliwa kuendelea na sekondari. Lakini mwaka huohuo baba yake alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akilipaua, akavunjika nyonga, na mama yetu akabaki nyumbani kumuuguza. Hatukuwahi kumsikia akilalamika kwa hilo. Ila hakuna mtoto wake aliyethubutu kumwambia kwamba amechoka na shule.

Mwaka 1970 aliajiriwa na idara ya maji kama mpishi wa kambi. Mafundi walikuwa wakipeleka mabomba kwenye chemchemi za milimani, mahali ambapo barabara ilikwisha na kilichobaki ni majani, mawe na imani. Walikuwa na gari moja la kazi, lile ambalo magurudumu yote manne husukuma, na dereva mmoja mzee asiyependa maongezi. Mama yetu alimsogelea akiwa na mwiko mkononi.

"Mzee, mbona ukiteremka hukanyagi klachi?"

"Wewe unapika au unauliza maswali?"

"Vyote viwili."

Mzee akanywa chai yake mpaka ikaisha, ndipo akamjibu. Alimweleza kwamba kwenye mteremko mkali dereva huweka gia ya kwanza na kuiacha injini ilizuie gari. Akikanyaga klachi, gari linabaki mikononi mwa breki peke yake, na breki nazo huchoka. Mama aliuliza swali la pili, kisha la ishirini. Mwishowe yule mzee akaona nafuu ni kumfundisha tu. Kila Jumapili alasiri walikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya kambi, na tarehe 19 Juni 1973 mama yetu akapata leseni. Jina la Mama Breki alipewa na mafundi wa karakana, kwa kuwa hakuondoa gari asubuhi bila kujilaza chini yake na kupapasa mabomba ya breki kwa vidole, hata kama gauni lilikuwa jipya.

Baba yetu alikuwa fundi bomba katika kambi hiyo, na kwa siri alikuwa mwoga wa miteremko. Kila walipofika penye mteremko aliruka chini, akisema anataka kunyoosha miguu. Mama alijua, akanyamaza, akawa anamsubiri kule chini huku injini ikinguruma. Hali iliendelea hivyo kwa miaka miwili. Siku moja baba alifika akihema, akasimama dirishani.

"Nimetembea sana nyuma ya gari lako," alisema. "Sasa nataka kukaa mbele."

"Mbele unakaa ukijua naenda wapi."

"Popote."

"Basi panda, na ufunge mlango vizuri. Kitasa hicho kina kichaa."

Walifunga ndoa tarehe 27 Novemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja.

Sasa ile siku yenyewe. Ilikuwa tarehe 11 Machi 1981. Mama alikuwa amebeba saruji, na kwenye kiti cha mbele alikaa muuguzi mwenye sanduku la chanjo za watoto wa kijiji cha juu. Mawingu yalikuwa yamejaa na mama alikuwa na haraka. Badala ya kuupanda mlima kwa kuukabili moja kwa moja, alikata ubavuni kwake ili afupishe njia, na hakushuka kutazama anapopita. Tairi la upande wa juu lilipanda jiwe lililofichwa na majani. Gari likainama, likasita kama linalofikiri, kisha likalala ubavu.

Harufu ya dizeli. Mama akaita, "Dada, uko hai?"

"Niko hai," muuguzi akajibu, "lakini umenikalia."

Walicheka, kisha muuguzi akajaribu kuinuka, na kicheko kikakatika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mama aliufunga kwa khanga na kipande cha ubao, wakateremka kwa miguu kwa saa tatu, mvua ikiwanyeshea. Chanjo ziliharibika zote.

Msimamizi wa kazi alimpenda mama, akataka kumsitiri. Kwenye ripoti aliandika kwamba ardhi ilititia. Mama alipoisoma, akaisukuma mezani.

"Ardhi haikufanya kitu. Andika dereva hakushuka kuangalia."

"Mama Breki, mimi nakusaidia."

"Nisaidie kwa kuandika hivyo."

Aliondolewa kwenye usukani, akapelekwa karakana kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Alikaa huko miezi saba. Baba anasema ndiyo miezi pekee aliyomwona mkewe akiogopa. Hata akiketi kiti cha mbele cha gari la mtu mwingine alikuwa akitokwa na jasho. Alishaanza kusema kwamba atarudi jikoni. Ndipo siku moja yule muuguzi akatokea mlangoni pa karakana, mkono umepona ila umepinda kidogo, kama ulivyo hadi leo.

"Watoto wa kule juu hawajachanjwa bado. Nani ananipeleka?"

"Madereva wapo. Mwombe yeyote."

"Sitaki yeyote. Namtaka aliyekwishaanguka pale."

Mama alifuta mikono. Msimamizi alipowaona wawili hao wameshikana mikono mbele ya meza yake, alitoa ufunguo. Safari ile ilichukua siku nzima, maana mama alisimamisha gari mara kumi na nne, akashuka, akautembea kila mteremko kwa miguu akiwa na fimbo, akichoma ardhi na kugeuza majani. Watoto sitini na wawili walichanjwa. Kuanzia hapo hakupita mahali kwa gari kabla hajapapita kwa miguu. Na huyo muuguzi ndiye tuliyekua tukimwita mama mdogo.

Tarehe 9 Aprili 1994 alikuwa akipeleka pampu na mafundi wanane kwenye kijiji kilichokuwa kimekaa wiki tano bila maji. Kwenye kona ya korongo alishuka kama kawaida yake. Fimbo ilizama ukingoni hadi mkono ukagusa tope. Akarudi na kusema gari halipiti. Mhandisi aliyekuwa nao alipandwa na hasira.

"Watu wanasubiri maji! Na wewe ni dereva, si mhandisi."

"Kweli, bosi. Ndiyo maana ufunguo ninao mimi."

Pampu ilifunguliwa vipandevipande, ikabebwa mabegani, mama naye akiwa na kichwa cha pampu begani. Walifika siku mbili baadaye. Alikwenda yeye mwenyewe kuwaomba radhi wanakijiji kwa kuchelewa, na kina mama waliotembea usiku kwa usiku kutafuta maji hawakumjibu vizuri. Aliyakubali maneno yao.

Tungependa kuwaambia kwamba ukingo ule ulibomoka kesho yake. Haukubomoka. Upo hadi leo, na baadhi yenu mmepita juu yake asubuhi hii mkija msibani. Mama alitaniwa kwa miaka. Alichojibu kilikuwa kilekile: "Niliona tope, sikuona kesho." Mwaka 1996 mhandisi yuleyule, akiwa sasa mkuu wa idara, alimwita ofisini. Alimwambia kwamba kila anapokumbuka siku ile anaona wale mafundi wanane na familia zao, na kwamba hataki tena kumtuma dereva asiyejua kukataa. Akampa kazi ya kufundisha.

Alifundisha madereva arobaini na watatu, sita kati yao wanawake, hadi alipostaafu Desemba 2010. Kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi wake aliyempoteza abiria. Nyumbani alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kupika; aliyewahi kuwa mpishi wa kambi aliendelea kupikia watu thelathini, na majirani wanajua tunachomaanisha.

Februari 2022 alianza kuishiwa pumzi akipanda kilima. Daktari alimpima, akamweleza kwa upole kwamba moyo wake umechoka.

"Moyo una haki," mama akamwambia. "Umefanya kazi tangu mwaka wa hamsini bila kuingia karakana."

Alimeza dawa zake kwa saa, akapata miaka miwili na nusu ambayo daktari hakuwa ameiahidi. Agosti mwaka huu miguu ilianza kuvimba, akalazwa hospitali, na tarehe 10 Septemba akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, saa tatu na robo asubuhi, dirisha likiwa wazi, mume wake akimshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, dada mmoja na kaka wawili, wajukuu wanane, na muuguzi, dada yake wa hiari. Ameacha pia kitukuu mmoja, msichana, aliyezaliwa tarehe 12 Septemba, wiki mbili kabla ya siku iliyotarajiwa. Aliletwa akiwa na umri wa siku moja, akalazwa kifuani kwa mama. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu amewahi ili anikute."

Walikuwa pamoja duniani siku tano.

Mungu ampokee mama yetu, na usingizi wake uwe wa utulivu.