Kitendo Alichokiongeza Wilkister

Mheshimiwa Mwakilishi wa wadi yetu, Mchungaji Njau, Mama Naliaka uliyetoka Bungoma jana, wauguzi wa Thika na Ruiru, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa: Bwana asifiwe! Mimi Gerishon Gachau, msimamizi wa kampuni hii, nimesimama nikiwa na furaha tele na aibu kidogo.

Tunamuaga Wilkister, binti wa Mama Naliaka, anayekwenda kufundisha chuoni Thika. Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kupokea simu za wauguzi waliokwama kwenye programu yetu ya kliniki. Nani alimwambia ajifunze kuiandika? Hakuna. Alijifunza mwenyewe, saa ya chakula, chapati mkono mmoja.

Wageni wetu, programu huandikwa vipande vipande. Kuna chombo kinachovikusanya, kuvijaribu na kuvifunga viwe kitu kimoja cha kutumwa kliniki. Chombo hicho huja na kazi zake, lakini anayejua anaweza kukiongezea kitendo chake mwenyewe. Wilkister alikiongezea kimoja: kabla ya kufunga, kilinganishe kila kipimo cha dawa ya watoto na orodha ya mfamasia wetu, Daktari Akello. Kimoja kikitofautiana, kazi yote isimame.

Ilisimama kweli! Vijana wakakiita kitendo hicho "Shosho", yaani nyanya, kwa vile hakikubali kudanganywa.

Ijumaa moja mwezi wa Machi kliniki zilikuwa zinangoja toleo jipya, na Shosho akakataa. Nikapandwa na hasira.

"Wilkister, toa hiyo kitu yako. Watu wanangoja."

"Bosi, sitoi. Tuangalie kwanza imekataa nini."

"Mkubwa hapa ni nani?"

"Ni wewe. Lakini dawa ni ya mtoto."

Nikavuta kiti ili nikifute kitendo hicho mwenyewe. Yeye akasoma kwa sauti: "Dawa ya kifafa, mtoto wa kilo kumi: mililita ishirini na tano. Daktari Akello ameandika mbili nukta tano."

Ndugu zangu, ukurasa ule wa vipimo niliuandika mimi, asubuhi hiyo hiyo, kwa haraka. Nukta niliiruka mimi. Wilkister hakunicheka wala hakunisema; aliniletea chai, akasubiri nirekebishe, kisha akabonyeza tena. Safari hii kazi ilipita, na ofisi nzima ikapiga makofi.

Sijawahi kukuomba msamaha mbele ya watu, Wilkister. Leo naomba.

Mama Naliaka, asubuhi umeniuliza langoni binti yako hufanya kazi gani hasa. Sasa nakujibu: kuna watoto Makongeni, kule Thika, wanaocheza mpira mchana huu, na mama zao hawatawahi kujua jina lake. Hiyo ndiyo kazi yake, Mama. Simama tukupigie makofi!

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza kwa moyo. Mungu awabariki.