Dramu Iliyomtangulia Marehemu

Benchi lipo kati ya chumba cha kinyozi na cha fundi redio, na hapo kahawa hunywewa polepole ili ubishi usiishiwe. Asubuhi hiyo Fundi aliweka santuri ya jazi, miongoni mwa zile za mwanzo kabisa, na Kinyozi akatoka na mkasi mkononi. Chini ya tarumbeta, dramu ilikuwa ikichelewa makusudi, kisha ikiruka mbele, kama vijana wa leo wapigavyo. Na ndivyo, kwa madai ya Kinyozi, alivyopiga marehemu baba yake, ambaye bendi yake haikurekodiwa hata mara moja. Miaka yote ameshikilia kwamba mtindo ule aliubuni mzee. Urithi mwingine hakuachiwa.

Pingamizi, karani mstaafu wa mahakama, alikumbusha kwamba santuri ilimtangulia marehemu kuzaliwa. Kwa hiyo ama mzee aliiga, ama watu wawili walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Na la pili halikuwa na shahidi.

— Mashine yangu inakimbia tu, alisema Fundi.

Akapunguza kasi. Tarumbeta ikalia kama ng'ombe mgonjwa. Dramu ikabaki ya kisasa.

— Basi imepachikwa juzi, kwa kompyuta, alisema Fundi.

— Na mikwaruzo nayo ikapachikwa? aliuliza Pingamizi.

— Huyo mpigaji alioteshwa, akaamua Tambo, dereva wa zamani wa lori. Alimsikia baba yake Kinyozi kabla mzee hajazaliwa. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Methali hiyo inamshtaki shahidi wako mwenyewe, bwana, alisema Pingamizi.

Kinyozi hakucheka. Mama mmoja, aliyefuata redio yake, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, kaka. Baba alikuwa anapigaje hasa? Hebu tupigie kidogo.

Fundi akainua sindano. Kinyozi akaketi, akaweka mkasi chini, akanyoosha vidole juu ya benchi. Mdundo ukaja safi: ukachelewa, ukaruka.

— Huo ni wa santuri, alisema Pingamizi, kwa upole asioujua mwenyewe.

Kinyozi akaanza upya; ukaja uleule. Safari hii akafumba macho, amtafute mzee nyuma ya dramu zake, shati limelowa mgongoni. Akamwona vizuri kabisa, mikono ikipanda na kushuka, na hakusikia kitu.

— Weka tena, alimwambia Fundi. Hapana. Usiweke.