Waya Ndani ya Daraja la Watoto

Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wengine amani iwe kwenu. Mie huwa nakaa kule nyuma karibu na mlango, na sababu mnaijua: nilikuwaga nakuja kwenye jumuiya hii nanuka pombe. Leo kiongozi wetu kaniita mbele. Nivumilieni, maana kusema mabaya yangu sijazoea. Ya wengine nayaweza sana.

Nafundisha fizikia sekondari ya hapa hapa Temeke. Mwaka juzi nilianza na kidato cha pili kujenga madaraja madogo kwa vijiti vya mishikaki na gundi ya mbao. Unachora, unajenga, unaweka mzigo mpaka livunjike, unatafuta lilipoanzia kuvunjika, unajenga tena. Nawaambia, watoto walilipenda somo lile hata kengele ya kutoka walikuwa hawaisikii. Daftari la vipimo alishika binti mmoja mkali kweli. Ukimwambia "kama kilo nne hivi," anakurudisha ukapime upya.

Daraja lao moja lilivunjika kwenye pakiti ya nne ya sukari, zile za kilo moja moja. Binti akaandika: kilo nne, kiungio cha kati. Wakaligandisha tena, wakapanga wiki inayofuata waimarishe hapo. Kabla hawajafanya hivyo, tukaambiwa wageni wa elimu wanakuja.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Pombe ilikuja baadaye. Niliona aibu wageni waone daraja la mwalimu fulani linakatika. Watoto walipotoka kwenda kunywa uji, nikafunga waya ndani ya viungio, nikapaka gundi juu yake. Sikumwambia mtu. Mbele ya wageni likabeba kilo kumi. Makofi, picha, mie katikati nimelikumbatia.

Kumbe mwenyekiti wa mtaa alikuwepo. Watu walikuwa wanavuka mtaro nyuma ya shule kwa ubao mmoja, basi akampa fundi lile daraja aige. Fundi kapima, kakuza vipimo, kajenga kwa mbao. Na mie nilisimama pale nikamwangalia anapigilia misumari. Mdomo nilikuwa nao, sikuutumia.

Mvua zilipoanza tu, kiungio cha kati kikaachia. Aliyekuwa juu na ndoo ya maji ni yule binti wa daftari. Mguu ukavunjika sehemu mbili.

Fundi hakulaumiwa. Walilaumiwa watoto. Wakaitwa mainjinia uchwara, wakazomewa njiani mpaka wakaacha kuja kwenye somo. Mie nikawa natoka darasani naingia baa. Mama watoto alisema mpaka maneno yakamwishia. Kazini nikasimamishwa. Na watu wakanihurumia kwa ajili ya pombe, nikaipokea huruma hiyo, maana ilinifichia lile lingine.

Siku moja asubuhi, kabla sijanywa, nikaenda nyumbani kwa yule binti. Binti alikuwa mkekani kanyoosha mguu. Mama yake akanipa kiti. Nikayasema yote, nikingoja kufukuzwa. Binti akaomba daftari lake, akalifungua mbele yangu. Ile nne ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake kaandika kumi.

"Nilidhani mie ndiye niliyekosea kupima," akasema.

Nililia mbele ya mtoto, sioni haya kusema. Alijua daraja litavunjikia wapi. Akapita juu yake kwa sababu aliniamini mie kuliko macho yake mwenyewe.

Nikamuuliza nifanye nini. Ya pombe hata hakuyagusa. Akasema, "Kawaambie waliotuzomea."

Nimekaa na neno hilo mwaka mzima, ndipo nimepata miguu ya kuja hapa mbele. Namshukuru mama yake aliyenipa kiti. Namshukuru mke wangu ambaye hakuondoka, na mkuu wa shule aliyenirudisha darasani. Siku hizi daraja linavunjwa mbele ya kila mtu, mgeni awepo asiwepo. Nyie wenye watoto, mtoto akiwaletea kitu kimevunjika, msimfichie. Kaeni naye mtazame palipoachia.

Mguu wa yule binti haujanyooka, na daktari kasema ndiyo basi. Baadhi ya waliomzomea wamekaa humu ndani, simtaji mtu. Nimetumwa kwenu. Watoto wale walipima sawasawa. Mwongo nilikuwa mie.