Wasifu wa Marcelina Paschal, Aliyelima Buswahili na Mke Wake

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Nyamhanga, ndugu zetu mliotoka Kisorya, majirani na waombolezaji wote, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Dorah, mtoto wa kwanza katika nyumba ya marehemu. Sisi watoto tulimwita Bibi. Tangu juzi nimeombwa na watu tofauti nisome maisha yake kwa namna tofauti, nami nimeamua kuyasoma kama alivyoishi. Mnivumilie. Nina hofu, na sababu yake mtaisikia humu humu.

Marehemu Marcelina alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 kijijini Kisorya, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Bunda, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Paschal na mama Nyangi. Baba yake alivua samaki na mama yake alilima mihogo na viazi. Babu Fredi, mdogo wake, aliyekaa pale mbele, anasema dada yake alizaliwa na wasiwasi. Watoto wenzake wakiingia ziwani kuogelea, yeye alibaki ukingoni akihesabu vichwa, na kichwa kimoja kikizama kidogo tu alikuwa ameshaanza kulia. Wenzake walimcheka, lakini yeye ndiye mama zao waliyemtafuta walipotaka kujua watoto wako wapi.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la nne, mwaka 1963. Alipenda kusoma, ila mama yake aliugua mgongo na shamba halikuwa na mtu wa kulipalilia. Alitoka shuleni siku za palizi akiamini atarudi mvua zikiisha. Hakurudi, na hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu mbele yetu, ingawa kila tulipofunga shule alizikagua ripoti zetu kwa macho makali kuliko ya mwalimu.

Mwaka 1970 kijana mmoja wa hapa Buswahili, Boniphace Nyamhanga, alifika Kisorya na ng'ombe wa kuvusha kwenda Ukerewe. Kivuko kilichelewa, ng'ombe wakaingia kwenye viazi vya mama Nyangi, na Marcelina akatoka na fimbo. Marehemu Boniphace alisimulia kwamba alimwomba maji ya kunywa, akajibiwa kwamba maji yapo, ila kwanza atoe ng'ombe wake. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Mungu aliwajalia mabinti wawili, na wote surua ikawachukua wakiwa wadogo. Tarehe 3 Septemba 1990 Boniphace naye alifariki.

Hapo ndipo maisha yake yalipoingia katika hofu ambayo haikumtoka tena. Aliambiwa achague: arithiwe na shemeji, au arudi kwao Kisorya aliache shamba, kwa kuwa nyumba yake haikuwa na mtoto wa kiume. Hakutaka kurithiwa, na shamba alilolima kwa miaka ishirini hakuwa tayari kuliacha. Mwaka 1993 alifanya jambo ambalo kwao ziwani hawakulijua, lakini wazee wa hapa wanalijua vizuri. Alitoa ng'ombe wake, akaoa. Ndiyo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake, na watoto ambao mke huyo atawazaa na mwanamume wa nje huwa wa nyumba yake, kwa jina la marehemu mumewe. Aliyemuoa ni mama yetu, Wankyo, aliyekuwa na miaka ishirini, akiwa ametoka kwenye ndoa ya vipigo.

Sitaipamba desturi hii. Zipo nyumba ambamo mke wa namna hiyo amefanywa punda, na wapo watoto wanaoumia kwa kutomjua baba aliyewazaa. Hata mimi niliumia. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu aliuliza jina la baba, nikataja Boniphace Nyamhanga. Akauliza yuko wapi, nikasema alifariki mwaka 1990. Akatazama mwaka wangu wa kuzaliwa, 1995, akanitazama mimi, kisha akaendelea na mtoto mwingine. Bibi alisubiri tufike nje ndipo akacheka hadi akakaa chini. Kisha akanishika mkono mpaka nyumbani.

Kanisa nalo lilimsimamisha kushiriki Meza ya Bwana kwa muda. Hakugomba na mtu. Kila Jumapili alikuja akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka alipopokelewa tena.

Kazi ya marehemu ilikuwa shamba, na hakulima peke yake. Mama aliinua matuta, Bibi akafuata nyuma akipanda mihogo. Wakati wa pamba walichuma wote, jioni wakakaa chini kuchambua, safi huku, fifi, yaani pamba chafu, kule. Mihogo ikikomaa waliing'oa, wakaimenya, wakaivundika mpaka ikalainika, kisha wakaianika iwe udaga juu ya jabali lile mnaloliona nyuma ya nyumba. Kuanzia hapo Bibi hakuwa na amani. Wingu likitokea upande wa ziwa, hata liwe dogo, alisimama. Mara nyingi tulianua udaga wote, wingu likapita zake, tukauanika upya tukinung'unika. Mama hakununa. Alisema mtu aliyezika watoto wawili na mume asiulizwe kwa nini anaogopa wingu.

Udaga huo ulilisha nyumba hii na nyumba zenu nyingi. Mwaka ule jua lilipounguza mahindi, wengi mliokaa hapa mlikuja na ungo, na aliyewapimia ni Wankyo. Ng'ombe walipoingia shambani, aliyewatoa ni Wankyo. Siku zote hizo hakuna aliyeuliza ni nani katika nyumba ile.

Marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Agosti mwaka jana. Tulimpeleka kituo cha afya, kisha hospitali mjini Musoma, tukaambiwa ni moyo. Alilazwa mara mbili. Kitandani hakuuliza habari za ugonjwa wake. Aliuliza kama kumenyesha Buswahili. Mama alilala sakafuni pembeni yake. Wauguzi wakiuliza yeye ni nani wa mgonjwa, alisema tu, "Ni wa nyumba yake." Nadhani walimchukulia ni binti.

Aliporudi nyumbani mara ya pili alijua hatakaa sana. Alimwita mzee wa kanisa, mama Jenipher, na akamwita baba mdogo Isaya, mdogo wa marehemu Boniphace. Sote tulikuwa chumbani. Alizungumza kwa shida, akipumzika katikati. Alisema:

"Isaya, wewe ndiye ulikuwaga unaswaga wale ng'ombe niliotoa. Huyu sikumchukuaga kwa kazi. Nilimuoa. Nikifa msije mkamtoa kwa shamba."

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa. Bibi alitaka aitikie kwa mdomo, akamngoja, lakini alikuwa amechoka akalala. Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, nyumbani kwake, kichwa chake kikiwa mapajani kwa Mama.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Jana baba mdogo aliniita pembeni, kwa upole, sitasema alinifokea. Alisema ndoa ile serikali haiitambui na kanisa haliitambui, kwa hiyo katika ratiba Mama aandikwe msaidizi wa marehemu. Aliongeza kwamba baada ya mazishi ukoo utakaa kuliangalia shamba. Nilimuuliza Mama atakwenda wapi. Alisema hayo yatazungumzwa. Usiku ule nilimwona Mama amekunja nguo zake na kuzifunga kwenye kanga, kama mtu aliyeambiwa asubiri gari.

Baba mdogo, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenipeleka sekondari kwa baiskeli mvua ikinyesha, na sijasahau. Lakini nikisoma hapa kwamba Mama alikuwa msaidizi, basi mimi na wadogo zangu, Gody na Robi, ni watoto wa msaidizi, na jina la kaka yako tunalolibeba tumeliokota njiani. Nyumba ya Boniphace itakuwa imekufa mwaka 1990. Bibi alihangaika miaka thelathini na mitatu ili isife. Sikuweza kuandika hivyo. Ratiba mliyoshika mkononi nimeichapisha kama ninavyosoma sasa, na lawama iwe juu yangu, si juu ya Mama.

Marehemu Marcelina Paschal ameacha mdogo wake, Fredi Paschal wa Kisorya, na shemeji yake, Isaya Nyamhanga. Ameacha watoto wa nyumba yake, Dorah, Gody na Robi, na wajukuu wanne. Ameacha mke mmoja, Wankyo.

Kwa desturi yetu, mchungaji akishamaliza, anayetangulia kuweka udongo ni mwenzi wa marehemu. Mama, njoo mbele. Baba mdogo Isaya, umesimama mahali pake, tunakuomba umpishe.

Marcelina apumzike kwa amani, na aliyemwacha shambani aachwe alime kwa amani.