Wasifu wa Bwana Waya, Aliyewaomba Wagonjwa Wasimsaidie

Marehemu, ambaye nusu ya waliofika hapa leo wanamfahamu kwa jina la Bwana Waya na nusu nyingine wamewahi kulia kwenye kiti chake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho upande wa karakana. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alikuwa seremala wa mabehewa, mama yake mshonaji wa sare. Siku moja, akiwa bado hajaanza shule, alikutwa chini ya benchi la baba yake akinyoosha kwa nyundo misumari mibovu iliyotupwa. Baba akamwambia misumari hiyo haitumiki tena. Mtoto akajibu kwamba hakutaka itumike, alitaka inyooke. Ndugu zake wanashuhudia kuwa huo ndio uliobaki kuwa msimamo wake maisha yote, na kwamba kulala naye chumba kimoja hakukuwa jambo jepesi.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1956, kisha sekondari ya bweni, ambako alifaulu sayansi zote na kushindwa muziki. Mwaka 1969 aliingia chuo cha tiba, akahitimu udaktari wa meno, akafanya kazi kidogo, halafu akapelekwa ng'ambo kujifunza upangaji wa meno na mataya. Alirejea mwaka 1978 na sanduku moja la nguo na mengine matatu yaliyojaa meno ya plasta. Afisa wa forodha alifungua la kwanza, akalitazama, akalifunga mwenyewe polepole, na hakuomba kuona mengine.

Alifunga ndoa tarehe 23 Agosti 1980 na mwalimu wa hesabu aliyemfuata hospitalini kung'oa jino na kuondoka nalo likiwa bado kinywani, kwa kuwa daktari alisisitiza linaweza kuokolewa. Katika picha ya harusi kila mtu anatazama kamera isipokuwa bwana harusi, anayetazama meno ya msimamizi wake. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1982.

Baada ya miaka kadhaa katika hospitali ya mkoa, mwaka 1984 alifungua kliniki yake ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Wagonjwa walipanda ngazi wakinusa rangi ya mafuta na kushuka wakinusa karafuu. Msaidizi wake alikuwa Mama Kioo, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyeshika kioo mgonjwa alipotaka kujiona, na ndiye aliyejua lini asikishike. Meno aliyoyanyoosha marehemu mengine yapo hapa leo, yamefumbiwa midomo kwa heshima. Hayo hayana haja ya kusimuliwa. Linalosimuliwa ni lile moja ambalo marehemu mwenyewe, kila aliposifiwa, alilirudia kama mtu anayetaja deni.

Binti yake alikuwa na taya la chini fupi. Meno ya juu yalitangulia mbele, midomo haikukutana, na shuleni walimwita Opena, kile cha kufungulia chupa. Alipofika miaka kumi na miwili baba yake aliamua kumtibu mwenyewe.

"Kwani hakuna daktari mwingine?" mama mtu aliuliza.

"Yupo. Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui ninavyotaka."

Alimfunga waya juu na chini, akamwekea mipira midogo inayovuta kutoka meno ya juu ya mbele hadi magego ya chini, kwa matumaini kwamba meno yangerudi, taya lingekua, na viwili hivyo vingekutana katikati kama watu waliopatana. Kila Jumamosi, wagonjwa wakiisha, binti alipanda kwenye kiti. Baba alisema, "Uma." Binti aliuma. Na Jumamosi baada ya Jumamosi meno ya mbele yalikaribiana, mpaka siku moja yakagusana, na marehemu, mtu asiyecheka ovyo, akacheka. Alitoa waya mwaka 1997. Alipiga picha za mbele na za ubavu, akazipeleka kwenye mkutano wa madaktari wenzake, wakampigia makofi. Sanamu za plasta za meno ya binti, kabla na baada, ziliwekwa kabatini sebuleni, pale ambapo nyumba nyingine huweka vikombe vya ushindi.

Jumapili moja mchana, wiki chache baada ya makofi hayo, binti alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Marehemu alikuwa anapita na chai. Alisimama.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" mkewe alimuuliza. "Chai inamwagika."

Taya la binti lilikuwa limerudi nyuma. Halikurudi kidogo. Lilikuwa pale pale lilipokuwa siku ya kwanza. Alimwamsha.

"Uma, mwanangu."

Taya likaja mbele, likakaa mahali pake pa kwenye picha.

"Sasa usiume. Kaa tu."

Likarudi.

"Umeanza lini kufanya hivi?"

"Tangu uliposema, 'Vizuri.'"

"Nilisema lini?"

"Kila Jumamosi." Binti alikuwa bado na usingizi, na alijibu bila hila yoyote. "Nilidhani ndiyo kazi yangu, Baba. Wewe unavuta meno, mimi navuta taya."

Wenye taaluma hiyo wanalijua kosa hili. Mgonjwa anayependa kumridhisha daktari husogeza taya mbele anapoambiwa aume, mara ya kwanza kwa makusudi, baadaye kwa mazoea, na daktari anayependa kuridhika hupima kile anachoonyeshwa. Marehemu aliwahi kuwafundisha wengine namna ya kuligundua. Ila wagonjwa wa wengine hawakuwa na sababu ya kungoja Jumamosi ili wamwone daktari wao akicheka.

Alimrudishia waya wiki hiyo hiyo. Aliongeza mipira, akapunguza mipira, akatengeneza kibao cha kuuma wakati wa kulala, akaandikia walimu wake wa zamani, akasoma mpaka macho yakawa mekundu. Meno yalikuwa yamekwishasogezwa kulifuata taya la uongo, na taya la kweli halikuyafuata. Sasa msichana hakuwa na pa kuuma. Akiuma mbele, kiungo cha taya karibu na sikio kililia kama bawaba na kumchoma. Akiuma nyuma, meno hayakukutana. Alitafuna upande mmoja, akaacha kula mbele za watu. Alipokuwa na miaka kumi na saba alishuka kwenye kiti na kusema, "Baba, basi. Toa mikono." Marehemu aliondoa waya mchana ule ule. Mama Kioo anasema baadaye alinawa mikono mpaka maji ya tangi yakaisha, na kwamba hakuna aliyeomba kioo.

Tangu hapo, kila mgonjwa aliyeketi kwenye kiti kile alisikia maneno yale yale kabla ya yote: "Usinisaidie." Kisha aliambiwa akunje ulimi uguse nyuma ya kaakaa, ameze mate, aeleze jana alikula nini, na ndipo marehemu, akiwa ameweka kidole gumba kwenye kidevu kama mtu anayegusa mlango wa chumba cha mgonjwa, alipotazama taya lilipoangukia. Watoto walimwigiza mtaani. Walidhani ni ukali.

Binti hakumnunia. Ingekuwa afadhali. Alikuja siku za mapumziko, akamwamkia, akamletea machungwa, na kuzungumza naye akiwa ameweka kiganja mdomoni. "Nione kidogo tu," marehemu alisema kila mara. "Niko sawa, Baba." Mwaka 2008, binti alipoolewa, marehemu alimwalika daktari wa upasuaji wa mataya na kumketisha mahali atakapomwona bibi harusi kwa ubavu. Bibi harusi alimgundua wakati wa keki. Alimaliza sherehe nzima taya likiwa mbele, na picha zote zilitoka nzuri. Marehemu hakuweza kuzitazama.

Mwezi Novemba 2018 alianza kulalamikia tumbo, na Januari ikajulikana kuwa ni saratani ya kongosho. Alilazwa mwishoni mwa Aprili. Kwa madaktari wadogo alikuwa mgonjwa mgumu, kwa sababu alijibu kila swali kwa namna ambayo wangependa. "Leo vizuri." "Nimelala." "Nimekula." Binti alipokaribia mlangoni alijiinua kwa viwiko, akajipangusa jasho na kukaza uso. Mkewe alitazama hayo akaendelea kukunja shuka, maana alikuwa amechoka kubishana na watu wawili wenye ugonjwa mmoja.

Ijumaa tarehe 31 Mei, saa ya kutazama wagonjwa, binti aliingia akamkuta ameketi wima, anatabasamu, mikono imeng'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Karibu, mwanangu. Leo nimekula."

Binti aliinua kitambaa kilichofunika sahani. Chakula kilikuwa hakijaguswa. Akakirudisha kitambaa, akaketi kitandani.

"Baba," alisema. "Usinisaidie."

Marehemu alibaki na tabasamu lake kwa muda, kama mtu aliyesahau mahali pa kuliweka. Kisha uso ukaanguka wote, akalala chini.

"Naumwa sana," alisema. "Naogopa."

"Najua."

Halafu akasema, kwa mazoea, bila tumaini, "Nione kidogo."

Binti alitoa kiganja mdomoni. Akakunja ulimi, akameza mate, akaliachia taya, nalo likarudi kwake. Marehemu aliinua kidole gumba, akakiweka kwenye kidevu, akatazama bila taa na bila kioo.

"Liko mbali," alisema.

"Ndiyo."

"Linauma?"

"Kila siku, Baba."

Hakumwomba radhi, alikuwa amekwishaomba kwa kila njia isiyofaa. Hakumwambia litanyooka. Alikiacha kidole pale mpaka kengele ya kuwatoa wageni, na hata kengele ilipolia binti hakusogeza taya.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2019, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mjane, kaka mmoja na dada wawili, binti mmoja na mkwe mmoja, Mama Kioo, ambaye ni wa familia, na mjukuu mmoja wa kike, mwenye miaka minane, ambaye taya lake limekaa kama la mama yake na ambaye hakuna aliyemwambia aume.

Alegeze taya sasa. Apumzike, kwa amani, bila kumsaidia mtu.