Flora Dan Hector na Kibonye Kilichokwama

Marehemu Flora Teresa MacEachern alizaliwa tarehe 11 Februari 1939 katika bonde la Glen Dougald, Cape Breton, akiwa mtoto wa sita wa Dan Gillis na mkewe Mary Belle. Kwa kuwa nusu ya bonde hili ni akina Gillis, aliitwa kwa jina la baba na la babu, Flora Dan Hector, na hata alipoolewa hakuna aliyehangaika kulibadilisha. Mimi ninayesoma ni Catriona, mjukuu wake wa kwanza. Wajomba zangu wawili ndio waliopaswa kusoma, lakini walianza kulia kwenye mstari wa kwanza, nikawanyang'anya karatasi.

Alisoma shule ya chumba kimoja hapa bondeni hadi darasa la nane, kisha akapelekwa kwa masista, na huko ndiko alikojifunza piano. Sista aliyemfundisha alimtaka abonyeze kila kibonye kama mtu anayeweka yai mezani. Darasani alitii. Nyumbani, kaka yake Hughie akishika fidla, mkono wa kushoto wa Flora ulizitandika noti nzito mpaka sahani zikalia rafuni.

Mwaka 1957 aliajiriwa kwenye ofisi ya simu, kuunganisha simu za wilaya nzima. Sikio lake lilikuwa balaa. Alimtambua mtu kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kusema halo. Haukupita muda watu wakaanza kumchukua kila Jumamosi awakagulie piano kabla hawajanunua. Kwetu, nyumba isiyo na piano ya kusimama, ile inayoegemea ukuta, hukosa wageni. Na piano mbovu ni mbaya zaidi, maana mpiga fidla akija mara moja harudi tena.

Ukaguzi wake ulikuwa na utaratibu. Kwanza alisimamisha saa ya ukutani ya mwenye nyumba. Kisha alikaa, akabonyeza vibonye vyote themanini na nane, kimoja kimoja, polepole, apime kama vyote vina uzito mmoja na kama sauti ndogo inatoka bila kukwaruza. Baadaye alipiga noti moja nene ya chini, akaishikilia, akafumba macho na kuisikiliza mpaka ife yenyewe. Mwisho alirudia kibonye kimoja haraka haraka, kwa sababu nyundo za piano ya kusimama huchelewa kurudi, na dansi zetu hazisubiri mtu. Uamuzi ulikuwa mmoja kati ya miwili: "Inafaa," au "Hili ni kabati."

Hakumwonea mtu haya. Kamati ya ukumbi wa parokia ilipomwonyesha piano nyeupe inayong'aa, ambayo walishainunua bila kumwuliza, aliwaambia, "Kabati zuri. Wekeni vikombe." Vikombe viko juu yake mpaka leo, mtaviona wakati wa chai. Watu walisafiri kutwa nzima kufuata neno lake, kwa kuwa kuhusu piano Flora Dan Hector hakuwahi kumdanganya mtu.

Oktoba 1962 alikuja Alasdair MacEachern wa Judique, dereva wa gari la kusukuma theluji na mpiga fidla, mtu wa maneno matatu kwa siku. Alimwomba akakague piano kwa niaba ya binamu yake. Ya kwanza, Port Hood: kabati. Ya pili, Antigonish, safari ndefu kweli: kabati. Njiani kurudi Flora aliuliza, "Hivi huyo binamu yako anaitwa nani?" Alasdair aliikodolea macho barabara mpaka wakafika nyumbani. Jumamosi iliyofuata, kwa mjane mmoja wa Baddeck, Flora alikagua piano ya tatu, akainuka, akasema, "Inafaa. Inunue." Alasdair alimposa garini kabla hawajatoka mjini. Walifunga ndoa tarehe 9 Februari 1963, piano ikaingizwa nyumbani kupitia dirishani, nao wakajaliwa watoto watatu.

Sisi wote tulikua tukijua kwamba kibonye kimoja cha piano hiyo, cha katikati kabisa, hukwama. Tukiuliza, Bibi alisema ni unyevu. Fundi alipotaka kuifungua akitengeneze, Bibi alimpa chai na biskuti za shayiri, kisha akamwonyesha mlango.

Moyo wake ulianza kuchoka mwanzoni mwa 2018, na masikio nayo yakapungua. Bado watu walimfuata. Aliweka kiganja ubavuni mwa piano, mimi nikabonyeza, na mbao zikamwambia. Alhamisi tarehe 17 Oktoba mwaka huu, mchana, hospitalini, Babu akisinzia kitini, Bibi aliniita.

"Catriona, nina dhambi."

"Padri si alikuja asubuhi, Bibi?"

"Hii siyo ya padri. Ile piano yetu. Nilijua kibonye kinakwama tangu kulekule Baddeck."

"Na ukasema inafaa? Wewe?"

"Sasa ningefanyaje? Ningesema kabati, angenipeleka kwenye ya nne! Theluji inakuja, na lile jitu halisemi. Ilibidi mtu aamue."

Babu, macho bado yamefumbwa, akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini, wewe mzee?"

"Kwamba kinakwama. Mjane aliniambia mlangoni, wewe ukiwa unavua viatu. Nikanyamaza nione utasemaje. Uliposema inafaa, nikajua umenipenda."

"Miaka hamsini na saba umekaa kimya?"

"Ningesema, ungeirudisha."

Bibi alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, akamkuta anafuta machozi kwa shuka huku akitafuta mto wa kumpigia Babu. Alifariki Jumanne tarehe 22 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, Babu akiwa ameushika mkono wake wa kushoto, ule wa kutandika. Ninasoma haya kwa ruhusa ya Babu. Alinijibu, "Soma tu," nayo yalikuwa maneno yake mawili ya siku hiyo.

Ameacha mume wake Alasdair, wanawe Dougald na Ranald, na binti yake Morag, mama yangu, wajukuu saba, na kaka yake Hughie, ambaye tumemwambia asubiri lakini fidla tayari iko begani. Asubuhi ya leo wanaume sita waliitoa piano nyumbani, kupitia dirishani tena, wakaiweka ukumbini kando ya lile kabati la vikombe. Hughie atapiga fidla na mimi nitampigia piano. Mkisikia pengo katikati ya wimbo, tafadhali msimwite fundi. Hapo ndipo sisi sote tulipotokea.

Lala kwa amani, Bibi yetu.