Jicho Lisilovimba: Risala ya Wazazi wa Benchi la Kupishana

Mgeni rasmi,
Mganga mkuu na watumishi wote wa hospitali,
Wazazi wenzetu, nanyi watoto mlioambiwa mkae kimya na mnajitahidi,

KARIBU

Karibu sana. Sisi ni wazazi wa watoto wanaotibiwa macho hapa. Benchi ulilolipita ukiingia, lile lenye mguu uliofungwa waya, ndilo kwetu. Limepigwa rangi kwa heshima yako, na baba mmoja amelikalia kabla halijakauka. Ukimwona hainuki kukushangilia, tunaomba umsamehe.

Tumeambiwa umekuja kupachika kibao cha kuusifu utaratibu wetu wa kupishana, na kwamba utaratibu huo utapelekwa katika hospitali nyingine. Tunashukuru kwa dhati, lakini mioyo yetu haijatulia.

TULIKOTOKA

Zamani mlango huu ulikuwa vurugu tupu. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyeingia. Shule zikifungwa ndiyo usiseme: aliyeanguka na baiskeli, aliyepigwa goti mchezoni, aliyegongwa na bembea. Daktari wa macho huja asubuhi mbili tu kwa wiki, na akiondoka ameondoka. Basi tukakubaliana wenyewe kwamba mtoto aliyevimba au anayetoka damu apishwe, na asiye na kitu cha kuonekana angoje.

MAFANIKIO

Ugomvi ulikwisha na wauguzi wakapata kupumua. Yupo mtoto aliyevunjika mfupa wa tundu la jicho, kumbe na damu ilikuwa imejaa ndani ya jicho lenyewe. Alipishwa, akaonwa siku hiyohiyo, na leo anasoma ubaoni. Tulijiona tumefika.

YALIYOTUKUTA

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, yule aliyekaa mstari wa pili, alikuja na binti yake. Mtaani wanamwita Kipa, maana hakuna mpira aliouogopa. Jana yake aliruka kudaka, akapigwa kiwiko chini ya jicho. Jicho halikuvimba wala halikuwa jekundu. Ila alikuwa akitapika, amelegea, anatazama sakafu tu. Akijaribu kuinua macho anayafumba, na mama yake akadhani anawaonea watu haya.

Walikuwa wa kwanza mlangoni. Ndipo akaingia msusi na mwanawe, uso umeumuka mpaka jicho halionekani.

"Dada, mpishe huyu," tukasema karibu wote. "Huyo wako si anatapika tu? Litakuwa tumbo."

"Katapika usiku kucha," fundi akasema. "Na alipigwa usoni, hakula kitu kibaya."

"Sawa, lakini mwangalie mwenzake alivyo. Jicho lisije likapotea tukiona."

Fundi akasogea. Mtoto akaanza kulia, mama akamshika mabega. "Jikaze. Kipa halii. Wenzako wameumia zaidi." Akajikaza kweli. Wakaja wengine waliovimba, nao tukawapitisha, mpaka daktari akafunga mkoba wake. Kipa akapelekwa chumba cha homa, akapewa dawa ya kuzuia kutapika, akaambiwa arudi siku ya kliniki.

Mtoto wa msusi alikuwa na uvimbe wa juujuu. Uliposhuka, jicho likaonekana zima.

Siku ya kliniki daktari alimwambia Kipa afuate kidole chake kwenda juu. Jicho moja likapanda, la pili likabaki pale pale. Daktari alivuta kiti akakaa karibu na mama.

"Mfupa wa chini ya jicho la mtoto ni laini," alisema. "Ukipigwa unafunguka halafu unarudi, kama mlango wa kabati unaobana upindo wa gauni. Umebana msuli wa jicho. Nje huoni kitu, na msuli ukibanwa mtoto anatapika. Wengi tunawatibu tumbo. Angefika kwangu mapema, tungeutoa ungali mzima."

"Daktari," fundi akasema, "siku ile tulikuwa hapo nje."

Alipasuliwa, lakini sehemu ya msuli ilikuwa imekwisha kufa. Leo Kipa akitazama juu anaona vitu viwiliviwili. Golini hakai tena. Anasema mpira wa juu unakuja miwili, hajui adake upi.

Anayekusomea risala hii ndiye msusi yule. Alikataa, akalia, akasema watu watamwonaje. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Soma wewe, shoga yangu. Mimi nitakwama katikati."

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tunajuta, na hatuna namna ya kulizunguka neno hilo. Tuliweka huruma mahali palipohitaji ujuzi. Juzi Kipa aliuliza mbele yetu, "Mama, ningelia kwa sauti, wangeniacha niingie?" Tulijua kwamba tungemwacha aingie.

MAOMBI

Tunaomba muuguzi aliyefundishwa macho akae mlangoni kila siku. Mtoto yeyote aliyepigwa usoni aambiwe atazame juu, chini na pembeni, na akitapika asiambiwe ni tumbo kabla jicho halijapimwa. Aliyevunjika mfupa apimwe pia jicho lenyewe, hata kama anasema anaona vizuri, kwa sababu watoto husema hivyo wakitaka kurudi nyumbani. Na daktari wa macho aweze kuitwa hata siku isiyo ya kliniki.

La mwisho ni gumu kwetu kulisema, na tunaomba lisichukuliwe kuwa utovu wa adabu. Kibao tumekiona, ni kizuri, na maneno yake yanatusifu kuliko tunavyostahili. Tunakuomba usikipachike hapa, wala usiupeleke utaratibu huu kwingine kabla ya kumpeleka muuguzi. Kikishapigwa msumari ukutani, mama mwingine atakisoma, atamtazama mwanawe ambaye hajavimba, naye atapisha.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwako, akulindie watoto wako na macho yao, na akupe wepesi wa kutusikiliza.

Ni sisi, wazazi wa benchi la mlango wa macho, pamoja na Kipa na mama yake.